Ardhi Iliyochafuliwa Kandokando ya Ziwa Victoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Mwanza

Maswali haya ni ya watu wanaonunua, wanaojenga, wanaolima au wanaolea watoto kwenye ardhi iliyowahi kuwa gereji, karakana, kituo cha mafuta, kiwanda, ghala la viuatilifu, dampo au mahali pa kuchenjulia dhahabu. Yanahusu zaidi wilaya za Nyamagana na Ilemela pamoja na vijiji na mialo ya mwambao, kwa kuwa hapa kwetu miteremko ni mikali, makazi yamebanana na maji yote huishia ziwani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi, na mengine ni ya sentensi chache.

Ni ardhi ipi inayohesabiwa kuwa imechafuliwa?

Ni ardhi ambayo udongo wake, maji yaliyo chini yake au hewa inayotoka ndani yake ina kemikali au taka kwa kiasi kinachoweza kumdhuru mtu anayeitumia kwa kazi iliyokusudiwa. Kazi iliyokusudiwa ndiyo inayobadilisha jibu: kiwanja kilekile kinaweza kufaa kuegeshea malori na kisifae kabisa kwa chekechea au bustani ya mboga. Kwa hiyo anayeuliza iwapo eneo fulani ni salama anapaswa kwanza kusema nani atalitumia, kwa shughuli gani na kwa saa ngapi kwa siku.

Maeneo ya namna hiyo hapa Mwanza ni yapi?

Yanajulikana zaidi kwa historia yake kuliko kwa sura yake. Sehemu ambapo oili chafu imemwagwa kwa miaka mingi, vituo vya mafuta vilivyofungwa huku matangi yakiwa bado yamezikwa, karakana za magari, reli na meli, viwanda vya ngozi vinavyotumia chumvi za kromiamu, maghala ya zamani ya dawa za pamba, yadi za vyuma chakavu na vibanda vya kuyeyushia betri, iwe kwa kuuza risasi (metali nzito yenye sumu iliyomo kwenye betri, si risasi za bunduki) au kwa kutengeneza vizito vya nyavu, zote zinastahili kuulizwa maswali kabla ya kubadilishiwa matumizi. Kanda ya Ziwa ina jambo lake la ziada, yaani mashimo na marundo ya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanayoachwa baada ya kuchenjua dhahabu.

Aina moja husahaulika sana nayo ni makorongo yaliyojazwa. Mahali ambapo mtaa ulitupa taka kwa miaka kadhaa, kisha mtu akamwaga kifusi juu na kuuza viwanja, hakuna kinachoonekana isipokuwa ardhi tambarare iliyo adimu katika jiji la miamba. Kifusi chenyewe nacho huenda kilichimbwa mahali pasipojulikana. Ukiona kiwanja tambarare kisicho na maelezo katikati ya mteremko, uliza kilikuwa nini.

Nyasi zimeota vizuri na hakuna harufu. Je, bado kuna haja ya kuwa na wasiwasi?

Ndiyo. Risasi, aseniki na zebaki havina harufu ndani ya udongo, na nyasi humea juu ya udongo wenye risasi nyingi bila kuonyesha dalili yoyote. Harufu ya petroli au dizeli ni kiashiria kizuri inapokuwapo, lakini kukosekana kwake hakuthibitishi chochote.

Sumu iliyo ardhini inamfikiaje mtu?

Wataalamu huangalia mambo matatu, yaani chanzo, njia na mpokeaji, na hatari huwepo pale tu yote matatu yanapokutana. Udongo wenye risasi uliofunikwa kwa zege imara una chanzo bila njia. Ukivunja zege hilo ili kujenga vyumba vya kupanga, njia imefunguka.

Njia iliyo kubwa kwa risasi na metali nyingine ni mdomo. Mtoto wa miaka miwili anatambaa, anaweka vidole kinywani, anaokota kipande cha ndizi kilichoanguka, na kwa kufanya hivyo humeza vumbi kila siku bila mtu kumwona. Ndiyo maana viwango vya udongo kwa makazi huwekwa kwa kumfikiria mtoto mdogo. Njia ya pili ni hewa: vumbi la kiangazi, moshi wa betri zinazoyeyushwa, na mvuke wa zebaki unaotoka mchanganyiko wake na dhahabu unapochomwa kwenye kikaango. Njia ya tatu ni maji, hasa visima vifupi vilivyochimbwa chini ya kituo cha mafuta au chini ya mteremko wa dampo. Benzini iliyomo kwenye petroli husafiri na maji ya ardhini, na inajulikana kusababisha saratani ya damu. Kuchemsha maji, jambo ambalo tumefundishwa wote na ambalo ni la lazima dhidi ya kipindupindu, hakuondoi risasi wala aseniki; maji yakipungua kwa kuchemka, metali hubaki kwenye maji machache zaidi.

Njia ya nne ni nguo za kazi. Fundi wa betri anayerudi nyumbani na ovaroli yake na kumpakata mwanawe amebeba karakana hadi sebuleni. Kubadili nguo kazini na kuzifua kando na za familia ni kinga isiyohitaji fedha nyingi.

Dalili za risasi kwa mtoto ni zipi, na je, hospitali inaweza kupima?

Kwa kiasi kidogo hakuna dalili za wazi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Madhara yake huonekana polepole katika uwezo wa kujifunza, utulivu na ukuaji, na mzazi huweza kudhani mtoto ni mzito wa kuelewa tu. Kwa kiasi kikubwa huja maumivu ya tumbo, kutapika, upungufu wa damu, degedege na hata kifo.

Kipimo ni cha damu. Mikrogramu 5 kwa desilita ndicho kiwango ambacho shirika hilo linashauri chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Risasi hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa, lakini hujihifadhi kwenye mifupa kwa miaka mingi na inaweza kurudi kwenye damu ya mama wakati wa ujauzito. Daktari anayemwona mtoto mwenye degedege Mwanza atafikiria malaria kwanza, na ni haki yake. Kwa hiyo mzazi ndiye anayepaswa kusema bila kuulizwa kwamba jirani anayeyusha betri au kwamba nyumba imejengwa palipokuwa na karakana.

Wasomaji wa ukanda wa dhahabu wanapaswa kuijua habari ya Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba mamia ya watoto walikuwa wamekufa katika vijiji ambako wachimbaji wadogo walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi ndani ya maboma yao. Mawe ya Geita na ya Mara hayafanani na yale, lakini desturi ya kusagia mawe nyumbani inafanana, na hakuna anayejua kilichomo kwenye jiwe kabla ya kulipima.

Ziwa likipanda au mvua kubwa ikinyesha, ardhi hiyo inakuwaje?

Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni ya mwandishi, lingepaswa kuulizwa kwanza katika kila kikao cha kubadili matumizi ya ardhi Mwanza, na ambalo huulizwa mwisho au haliulizwi kabisa. Tathmini nyingi huangalia kiwanja kikiwa kikavu. Uchafu, hata hivyo, husafiri siku ya mvua.

Mvua za vuli na za masika zinaposhuka kwa wingi kwenye vilima vya miamba, maji hayapati udongo wa kutosha wa kuyanywa. Hukimbia juu ya ardhi, hubeba oili, betri, vumbi la karakana na uchafu wa vyoo vilivyotapishwa, na kuingia kwenye mitaro inayoelekea Mto Mirongo, ambao hupita katikati ya jiji na kumwaga maji yake ziwani. Anayeishi bondeni Mabatini hupokea kilichomwagwa na watu asiowajua waliokaa juu yake. Baada ya mafuriko, tope linalobaki sakafuni na uani linapaswa kuondolewa likiwa bado bichi, kwa koleo na maji, kwa sababu likikauka hugeuka vumbi la kuvutwa na kumezwa.

Upande wa ufukweni maji huja kutoka chini. Mvua za mwaka 1961 hadi 1964 ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 na tena mwaka 2024 ziwa lilifikia tena viwango vya juu kupita kiasi, likafunika mialo, mashamba na nyumba katika nchi zote tatu. Ziwa linapopanda, maji ya ardhini ya ufukweni hupanda nalo. Tangi la mafuta lililozikwa huweza kuinuliwa na maji na mabomba yake kukatika, mashimo ya vyoo hujaa kutoka chini, na taka zilizozikwa juu ya usawa wa maji hujikuta zimelowa. Ziwa likishuka, hurudi na sehemu ya kile lilichokikuta.

Jambo jingine ni kwamba ziwa letu ni pana lakini lina kina kidogo, wastani wa mita 40 hivi, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kugeuka mvuke kuliko kwa kutiririka kwenda Mto Nile kule Jinja. Mvuke hauondoki na metali wala fosforasi. Kinachoingia hukaa kwa muda mrefu, na fosforasi hulisha gugu maji na mwani wa kijani-buluu ambao baadhi ya aina zake hutoa sumu.

Kwa hiyo tathmini yoyote ya eneo lililochafuliwa karibu na ufukwe inapaswa kuonyesha mambo mawili kwenye ramani, yaani maji yalifika wapi ziwa lilipokuwa juu kabisa, na maji ya mvua ya kiwanja hicho yanaishia uani kwa nani. Tathmini isiyokuwa na hayo irudishwe.

Sheria ya mita 60 inahusiana vipi na suala hili?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ziwa, mto au ufukwe, ikiwa shughuli hizo zinaweza kuharibu mazingira hayo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaruhusu maeneo kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na imeyataja kwa pamoja maeneo ya kutupia taka za sumu, ukanda wa mita 60 kutoka majini, ardhi oevu na miteremko mikali. Mkazi wa Mwanza akiisoma orodha hiyo ataona kana kwamba imeandikwa kwa kuitazama Mwanza.

Sheria hiyo ya mita 60 ina makali ya pande mbili. Hutumika kulinda ziwa, lakini pia imetumika kuwaondoa wavuvi na wachuuzi wa mwaloni huku ujenzi wa wenye uwezo ukiendelea jirani. Usawa katika kuitekeleza ni sehemu ya haki ya mazingira kama ilivyo kwa usafi wa maji.

Nataka kununua kiwanja. Niulize nini kabla ya kulipa?

Uliza kilikuwa nini miaka ishirini na thelathini iliyopita, na muulize mtu asiyefaidika na mauzo. Wazee wa mtaa, mjumbe wa zamani, mama aliyekuwa akiuza chakula kwa mafundi wa eneo hilo wana kumbukumbu ambayo haimo kwenye jalada lolote. Kisha tembea: tafuta madoa meusi, vipande vya betri, udongo wenye rangi ya kijani au ya manjano isiyo ya kawaida, mabomba ya kupitishia hewa ya matangi, na sehemu zilizotitia. Ukipata kisima jirani, nusa maji yake.

Kumbuka kwamba upimaji wa kiwanja unathibitisha mipaka na hati inathibitisha milki. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachochunguza udongo. Zoezi la urasimishaji wa makazi, ambalo limefika katika mitaa mingi ya Mwanza, lilikuwa na bado ni nafasi nzuri ya kuandika historia ya kila kipande, kwa kuwa wapimaji tayari wamo mtaani na wazee bado wapo. Swali moja kwenye fomu lingetosha.

Ikiwa eneo lina shaka, weka kwenye mkataba wa mauziano sharti la kupima udongo kabla ya malipo ya mwisho, na muuzaji atamke kwa maandishi shughuli zilizowahi kufanyika hapo. Muuzaji anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Udongo unapimwa wapi, na kwa namna gani?

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Zipo pia maabara zinazohudumia sekta ya madini, ambazo zina mashine za kutambua metali. Ni lazima utaje unachotaka kipimwe, kwani maabara iliyozoea wateja wa dhahabu itakupa jibu la dhahabu na kunyamaza juu ya risasi na aseniki zilizomo kwenye udongo huohuo.

Sampuli moja haitoshi. Gawa kiwanja katika sehemu kulingana na historia yake, na katika kila sehemu chukua udongo kidogo kutoka pembe kadhaa, uuchanganye kuwa sampuli moja. Pale watoto wanapocheza, chukua tabaka la juu la sentimita chache, maana ndilo wanalogusa. Pale utakapolima, shuka hadi urefu wa jembe. Sampuli za metali zinaweza kuwekwa kwenye mfuko safi wa plastiki, lakini zile za mafuta ziwekwe kwenye chupa ya kioo iliyojazwa na kufungwa vizuri, zikae kwenye ubaridi na zifike maabara mapema, la sivyo petroli itakuwa imeruka. Chukua pia sampuli moja mahali pasipo na historia yoyote ya uchafuzi ili upate cha kulinganisha.

Nimepata matokeo. Nambari hizi nizisomeje?

Metali huandikwa kwa miligramu katika kilo moja ya udongo. Kwa udongo wa kawaida ambao haujaguswa, risasi huwa makumi machache tu. Marekani ilitumia kwa miaka mingi miligramu 400 kama mpaka wa kuanzisha uchunguzi zaidi kwenye makazi, na mwaka 2024 ikashusha hadi 200, kwa sababu ushahidi kuhusu watoto ulikuwa umeongezeka. Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007, na hizo ndizo za kulinganishia unapoandika malalamiko rasmi.

Kwa aseniki, tazama maji kuliko udongo, kwa kuwa baadhi ya miamba ya ukanda wa dhahabu ina aseniki ya asili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita.

Usikubali wastani wa kiwanja kizima. Kona moja yenye risasi elfu tatu na eneo jingine safi hutoa wastani unaopendeza, na mtoto hachezi kwenye wastani.

Zipo njia gani za kusafisha, na ipi inafaa kwetu?

Njia ya wazi ni kuchimba udongo mchafu na kuuondoa. Inafanya kazi, na ndiyo iliyotumika Zamfara katika maboma ya watu, lakini inauliza swali gumu: udongo huo unapelekwa wapi? Ukipelekwa kwenye korongo la mtaa mwingine, hakuna kilichosafishwa.

Njia ya pili ni kufunika. Udongo safi wa sentimita 30 hadi 60, ukitenganishwa na ule mchafu kwa kitambaa au wavu unaoonekana ili mchimbaji wa kesho ajue amefika mpakani, hukata njia ya mdomo na ya vumbi kwa gharama ndogo. Udhaifu wake Mwanza ni mteremko: kifuniko kisicho na makinga maji, mawe na nyasi zenye mizizi mirefu kitakuwa kimeshuka bondeni baada ya masika moja au mbili. Kifuniko kinahitaji mtu wa kukitunza, tena aliyetajwa kwa cheo chake kwenye makubaliano.

Njia ya tatu inafaa kwa mafuta. Bakteria waliomo ardhini hula dizeli na oili wakipata hewa, unyevu na samadi au mbolea kidogo. Udongo hutandazwa juu ya karatasi nzito ya plastiki, hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa wakati wa mvua, na baada ya miezi kadhaa hupimwa tena. Hali yetu ya joto huisaidia sana kazi hii. Haifai hata kidogo kwa risasi, kwa kuwa metali haiozi.

Kuna pia kutofanya lolote isipokuwa kuzungushia uzio na kuandika kibao. Hilo ni jibu halali la muda, ilimradi lisigeuke kuwa la kudumu, maana uzio wa mabati huibwa.

Je, alizeti inaweza kusafisha udongo?

Alizeti na mimea mingine hufyonza metali, lakini polepole mno kwa risasi, na kilichofyonzwa kimo kwenye mmea. Usikamue mafuta yake wala usilishe mifugo mashudu yake. Faida iliyo ya kweli ni kwamba mimea huzuia vumbi na mmomonyoko.

Tunaweza kulima mboga kwenye eneo hilo?

Pale penye shaka, lima juu ya matuta yaliyoinuliwa au kwenye viroba vilivyojazwa udongo safi kutoka kwingine. Mboga za majani kama mchicha na matembele, pamoja na mazao ya mizizi, hubeba metali na tope zaidi kuliko nyanya, bamia au pilipili, ambazo tunda lake liko mbali na udongo. Osha vizuri na menya. Bustani zinazomwagiliwa maji ya mitaro ya jiji zina tatizo jingine la ziada, kwa kuwa maji hayo hubeba vimelea vya kinyesi pamoja na oili.

Marudio ya dhahabu yana hatari gani baada ya kazi kwisha?

Sianidi, kemikali inayotumika kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa, huvunjika kwa jua na hewa ndani ya muda usio mrefu sana, ingawa kabla ya hapo inaua haraka. Zebaki haivunjiki. Hatari kubwa huja marudio yaliyokwisha kutiwa zebaki yanapochenjuliwa tena kwa sianidi, kwani sianidi huiyeyusha zebaki na kuiwezesha kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania imeuridhia, umeitaja desturi hiyo miongoni mwa zile zinazopaswa kukomeshwa. Usitumie marudio kutengenezea tofali, kujazia msingi au kusawazishia uwanja wa shule, hata kama yanatolewa bure.

Dampo la zamani linaweza kujengwa shule au uwanja?

Uwanja, inawezekana kwa masharti. Shule, ni vigumu. Taka zilizozikwa huendelea kuoza kwa miongo na kutoa metheni, gesi ambayo hulipuka ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa katika chumba kilichofungwa. Ardhi hutitia bila usawa, kuta hupasuka na mabomba hukatika. Mvua nyingi huongeza uzito na kulegeza mteremko: tarehe 10 Agosti 2024 rundo la taka la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kuua watu zaidi ya 30 waliokuwa wakiishi na kufanya kazi chini yake. Marekani nayo ina somo la Love Canal, karibu na Niagara Falls, ambako kampuni ilizika maelfu ya tani za taka za kemikali, ikaiuzia ardhi hiyo bodi ya shule kwa dola moja mwaka 1953, na mwaka 1978 familia zikaanza kuhamishwa. Ardhi inayotolewa kwa bei ya chini namna hiyo kwa ajili ya shule ichunguzwe maradufu.

Nani anawajibika kulipa?

Sheria ya mwaka 2004 inasimama juu ya kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na inazipa mamlaka za mazingira uwezo wa kutoa amri ya kurejesha eneo katika hali yake. Ugumu huja mchafuzi anapokuwa ametoweka, kampuni imefilisika au shirika la umma limebinafsishwa mara mbili. Hapo mzigo huangukia halmashauri au, mara nyingi zaidi, mnunuzi wa mwisho. Taifa lenyewe lilionja hali hiyo Vikuge, Kibaha, ambako shehena ya viuatilifu vilivyokwisha muda, iliyoletwa kama msaada mwaka 1986, iliachwa ikavujia ardhini na kuacha udongo wenye DDT nyingi. Msaada ulikuwa wa bure, kusafisha hakukuwa bure.

Wananchi wa kawaida wanaweza kushinda mahakamani?

Wameshinda. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kutupa na kuchoma taka katikati ya makazi yao, na Mahakama Kuu ikahusisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991 na wakashinda. Baadaye zikaenda Vingunguti. Kesi hizo ni za kujivunia, lakini safari ya taka hizo inaonyesha kwamba ushindi wa mtaa mmoja unaweza kuwa mzigo wa mtaa wa pili ikiwa hakuna anayeuliza taka zitapelekwa wapi baadaye. Tangu mwaka 2004 sheria inatamka wazi haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na salama, na haki ya kudai hivyo bila kungoja yeye mwenyewe augue.

Majirani wa Kenya wana kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza risasi katika makazi ya maskini. Wakiongozwa na Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliathirika, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020. Rufaa iliitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Watoto waliokuwa wachanga kiwanda kilipoanza walikuwa wamekwisha kuwa vijana.

Mtaa wetu umeambiwa kuna mradi wa kuendeleza eneo la zamani la viwanda. Tudai nini?

Dai kuona ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mkutano wa hadhara, pamoja na muhtasari wa Kiswahili unaoeleweka, na dai mkutano ufanyike saa ambayo wachuuzi wa samaki na kina mama wanaweza kuhudhuria. Uliza udongo ulipimwa wapi na kwa kina gani, udongo utakaochimbwa utapelekwa wapi na kwa malori yaliyofunikwa au la, maji ya mvua yatapita kwa nani, na nani atakitunza kifuniko miaka kumi baadaye. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano na yasainiwe. Nakala ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa na nyingine kwa mtendaji wa kata. Ikiwa mradi umeanza bila hayo, malalamiko hupelekwa kwa afisa mazingira wa halmashauri na kwa taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ambayo wengi wanaijua kwa jina la NEMC, yakiwa na picha na tarehe.

Eneo likisafishwa, je, kodi za nyumba zitapanda na wapangaji wataondolewa?

Inawezekana sana, na hofu hiyo si ya kubezwa. Ufukwe uliosafishwa huvutia hoteli, na mpangaji aliyevumilia moshi kwa miaka kumi huondoka mwaka hewa inapokuwa safi. Kinga hupatikana kabla ya kazi kuanza: sehemu ya eneo itengwe kisheria kwa matumizi ya wote, kama uwanja, zahanati, soko au njia ya kufikia maji, na ajira za usafishaji zianzie kwa wakazi wenyewe, wakiwa wamepewa vifaa vya kujikinga na mafunzo. Makubaliano ya mdomo na mwekezaji hayana uzito wowote mara kiwanja kinapouzwa kwa mwingine.

Samaki wa ziwa bado wanafaa kuliwa?

Sangara, sato na dagaa ni chakula bora, na kwa watu wengi wa mwambao ni protini ya kila siku. Epuka kuvua kwenye midomo ya mitaro ya viwanda na mito ya mjini, na usinunue dagaa walioanikwa kwenye ardhi ya gereji au kandokando ya barabara yenye magari mengi, maana vumbi la hapo hubaki juu ya dagaa. Vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa kutoka chini vinamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Tunaanzia wapi ikiwa mtaa hauna fedha za maabara?

Anzeni na ramani. Kaeni na wazee, chora mtaa, na tieni alama kila gereji, kisima, choo kinachofurika, korongo lililojazwa na mahali watoto wanapocheza, kisha chora mishale ya maji ya mvua. Sehemu ambapo mshale unatoka kwenye gereji na kupita kisimani au uwanjani ndiyo ya kupimwa kwanza, na sampuli tatu au nne zilizochaguliwa hivyo zina thamani kuliko ishirini zilizochukuliwa ovyo. Wakati mnasubiri majibu, funikeni udongo wazi kwa nyasi au kokoto, wekeni maji na sabuni mahali watoto wanapokula, hamisheni uyeyushaji wa betri mbali na nyumba, na peleka ramani hiyo kwenye mkutano mkuu wa mtaa ili iingizwe kwenye kumbukumbu kabla masika hayajaanza.